Bawabu wa Helikopta

Makomando humwita Bawabu, maana hakuna apandaye wala ashukaye helikopta yao bila kupita mkononi mwake. Rubani anaijua sauti yake kuliko ya injini: sauti ya mikwaruzo, ya mtu anayegombana hata na upepo. Kabla ya kila msako wa magaidi Bawabu humnyooshea kila askari kiganja kinene, grisi imejaa kwenye mistari. "Lete rehani!" Huyu humpa pete, yule funguo za nyumba, na mmoja mwenye kipara hutoa kitana, kila mara kitana. Bawabu hutia vyote mfukoni, akafunga zipu. Ukimwomba ampelekee mkeo rehani yako mambo yakienda mrama, atakuja juu. "Mimi si tarishi, bwana. Utachukua mwenyewe."

Asubuhi moja rubani na Bawabu walitua bondeni kuwachukua makomando baada ya msako, risasi zikigonga bati. Wote walipanda isipokuwa yule wa kipara. Redioni kamanda akafoka: "Rukeni! Ni amri!" Rubani akageuka. Bawabu alikuwa ameketi mlangoni, miguu nje, mkanda ameufungua; helikopta ikiruka, ataanguka.

"Umemsikia kamanda?"

"Nimemsikia vizuri. Mwambie kitana cha watu kiko kwangu, na mimi si mwizi."

Rubani akaizima redio. Vumbi likapasuka, mtu akatokea akichechemea, damu gotini. Bawabu alimdaka ukosi, akamvutia ndani, akaanza kumfokea hata kabla hajafunga mlango.

"Umetuweka hapa kwa ajili ya kitana, na nywele zenyewe huna!"