Jino Lililoshikilia Mengine

Nilipohamishiwa mji wa Mkoani, kisiwani, kutoka bara, kufanya kazi katika chumba cha meno cha hospitali, mtu wa kwanza kunizungumzisha nje ya kazi alikuwa bibi wa nyumba ya jirani. Kila jioni alikuja kukaa barazani kwangu, akakicheka Kiswahili changu, akaniuliza kama kwetu bara tunajua kupika samaki. Kisha Ramadhani ikaingia, naye akaacha kuja.

Hakuwa amekasirika. Alikaa kwenye mlango wake wa uani, kopo tupu la maziwa pembeni, akitemea mate humo tangu asubuhi mpaka magharibi. Mama yake alimlea hivyo: mfungaji hamezi mate, na maneno mengi huyaleta. Kwa hiyo hakusema. Mimi nisiyefunga nilikula chakula cha mchana ndani, madirisha yamefungwa, kwa heshima ya majirani. Ziko siku sikutamka neno ila "fungua mdomo" na "sukutua".

Katikati ya mwezi aliniita kwa mkono. Meno yake ya mbele yalikuwa ya bandia, yameshikizwa kwa waya kwenye jino moja la pembeni, la mwisho kubaki juu. Jino hilo lilimuuma. Nikamulika kwa tochi ya simu. Ulimi ulikuwa mkavu, unanata, na pale waya ulipolishika jino palikuwa na utando mzito wa njano.

"Likitoka hili, Idi wanangu wakija kutoka Unguja watanikuta kibogoyo," alisema. "Mkwe wangu hajapata kuniona hivyo."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wagonjwa. Mate yana protini. Nyingine hujipaka kwenye jino mara tu baada ya kupiga mswaki, ngozi nyembamba isiyoonekana, na bakteria hupata pa kushikilia. Hata meno ya bandia hupakwa. Lakini ziko zinazoelea kwenye mate, zikawadaka bakteria kabla hawajafika kwenye jino, zikawakusanya madonge, ukameza, wakaenda zao tumboni. Mdomo mkavu hauna cha kuwasomba.

"Kwa hiyo nimeze."

"Meza, Bi Mkubwa."

"Alaa! Saumu nifunzwe na weye unaenukia dagaa mchana wote?"

Tukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mwezi ule.

Kesho yake alikwenda kumuuliza mke wa imamu. Akajibiwa kwamba mate ya mtu mwenyewe, yakiwa kinywani mwake, hayabatilishi saumu. Alirudi amenuna. "Umri wote huu najitesa. Na marehemu mama naye!"

Kopo likaondoka mlangoni. Usiku akawa anayatoa meno, anayasugua, anapiga mswaki. Sijui kama kutema peke yake ndiko kulikomkausha. Alikuwa akinywa pia dawa ya presha, na mchana mfungaji hanywi maji. Lakini jino lilikuwa limekwisha kulegea. Siku chache kabla ya Idi daktari aliling'oa. Mimi nilimshikia taa.

Wanawe walikuja. Alipakua pilau kwa wote, nami nikiwemo, ushungi ameuvuta mpaka puani.

"Mama, kula," alisema binti yake, mwenye mimba kubwa.

"Nimeonja jikoni."

"Umeonja nini na mdomo umeufunga?"

Binti akaushusha ushungi taratibu. Mkwe akatazama sahani yake. Binti akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba watakwenda naye Unguja akatengenezewe meno yote ya juu. Bibi hakubisha. Kabla wiki haijaisha alipanda meli pamoja nao, na mimi nikabaki na kazi ya kumwagilia mchaichai wake.

Juzi alipiga simu. Meno yamekuwa tayari, anakula hata mishikaki, na mkwe amesema yamempendeza. Maneno yanamtoka na mluzi kidogo. Nilipomwambia, akasema nina wivu.

Nikamuuliza anarudi lini.

"Nirudi wapi? Binti yangu kajifungua, mtoto hanipi nafasi hata ya kuswali." Kisha akaniuliza: "We mwanangu, jioni unakula na nani?"

"Ninakula vizuri, Bi Mkubwa," nikamjibu.