Picha Mbili za Kichwa cha Kebaso

Watu wakiingia kwangu hapa Kiptere huuliza ile picha nyeusi ukutani, karibu na ya harusi, ni ya nini. Ni kichwa cha mume wangu, Kebaso. Naandika mwenyewe, polepole, maana watoto wakisimulia wanaharibu.

Kebaso alichuma chai bila haraka. Wengine tukikimbizana na kapu, yeye alipiga mluzi kwa pengo la jino la mbele mpaka nyapara akaacha kumkemea. Mvua ikija, gunia lake alinifunika mimi kwanza. Alinioa nikiwa mkali na hakujaribu kunipunguza.

Asubuhi moja mwaka wa 1974 tulikuwa tunachuma mistari inayopakana. Akashika kisogo, akasema, "Bosibori, kuna kitu kimepasuka humu ndani." Kisha akaanguka, kichwa kikagonga kisiki.

Hospitali ya misheni wakampiga eksirei. Daktari akainua picha dirishani, mfupa ulikuwa mzima. Lakini alipotoa maji ya uti wa mgongo, yalikuwa na damu. Akasema Kebaso apelekwe Nairobi akapigwe picha ya namna nyingine.

Orina, ndugu yake, akakataa. Kwetu Gusii mtu akigongwa kichwa, wako wazee wa kufungua ngozi na kukwangua mfupa, na wengi wamepona. Orina akamleta mmoja wao, Atuti, wodini, eti ni mtu wa kuombea wagonjwa. Atuti akaweka mikono kichwani, midomo ikisali, vidole vikitafuta.

"Shemeji, mzee amesikia ufa," Orina akaniambia. "Hiyo picha ni bure. Tumrudishe nyumbani."

"Wewe ulikuwa wapi akianguka?"

"Kiwandani."

"Mimi nilikuwa kando yake. Aliumwa kwanza, ndiyo akaanguka. Mzee anatafuta mfupa, daktari naye amepiga picha ya mfupa. Kilichopasuka kilipasuka kabla ya kisiki."

Atuti akamgeukia Orina. "Hiyo hukuniambia," akasema, akachukua kofia yake.

Nikamwendea daktari. "Hiyo picha ya Nairobi inaona nini ambacho yako haioni?"

"Mishipa ya damu, mama. Kwa eksirei yangu haionekani. Kule watamdunga shingoni, waingize dawa, wapige picha dawa ikipita kichwani. Mshipa uliovimba utajionyesha."

"Na hiyo sindano haiwezi kumdhuru?"

"Inaweza. Wachache hupooza. Lakini mshipa ukivuja tena, pengine hataamka."

Nikarudi kitandani. Kebaso alikuwa amefunika macho, mwanga ulimuumiza. "Mama Mellen," akasema, "amua wewe. Kichwa changu leo kina shughuli."

Nikasema twende.

Nairobi walinionyesha ile picha. Mishipa ilitawanyika kama mizizi ya mche ukiung'oa, na kwa mmoja kulining'inia kitu kidogo, kama kitunda cha mviringo cha mboga ya managu. Wakafungua kichwa, wakakibana shinani.

"Si hata wao wamefungua?" Orina akauliza tuliporudi.

"Wamefungua wakijua wanaenda wapi."

Akacheka, akambebea Kebaso mzigo mpaka ndani.

Mkono wa kushoto ulibaki mzito, basi tukachuma kwa kapu moja, mkono wake mmoja na miwili yangu. Aliomba picha zake. Nairobi hawakutoa. Misheni wakampa ile yao, akaitundika yeye mwenyewe. "Angalieni," aliwaambia wageni, "mtu asiye na kasoro." Alicheka hivyo miaka mingi, mpaka kifua cha uzee kilipomchukua.

Sasa Mellen ananiambia niitoe, eti ni picha ambayo haikuona kitu. Sitoi. Mshipa haikuuona, ni kweli. Lakini meno yote yako pale, na lile pengo la mluzi.