Kokoro la Msibani

Treni iliharibika Saranda, tukashinda pale tukila kuku wa kuchoma mpaka kichwa kingine cha treni kikaja. Tabora nilifika nimechoka, nguo zimejaa vumbi. Nikapanda basi hadi Nzega, kisha bodaboda hadi kijiji kimoja kata ya Lusu. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye mabwawa ya samaki kule Ruvu, na kikundi cha ufugaji samaki cha kijiji hicho kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwaelekeza. Mimi sikuwa na mahali pa kukaa pa maana. Sikuwahi kuwa napo.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mwembamba, sauti kubwa. Aliposikia mimi ni Mzaramo akacheka.

“Mtani! Umekuja kufuata nini huku?”

“Mizigo yangu. Babu yako aliitupa njiani akakimbia.”

“Aliibeba mpaka pwani. Babu yako alikuwa amelala, akaikuta mlangoni.”

Basi nikawa mwenyeji. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliokuja na misafara ya zamani ya wapagazi, ulinipa chumba na chakula.

Tulichimba bwawa kwa majembe, tukafunga maji ya kijito, tukapanda vifaranga vya perege pamoja na mama zao wachache wa kutuzalia mbegu. Asubuhi mwenyekiti alirusha pumba na samaki wakaja juu kama mvua inayonyesha kutoka chini. Kila mwaka mume wake alikwenda Ipole kulima tumbaku ya watu, akarudi amekonda, watoto wanamwogopa kama mgeni. Mavuno ya kwanza yangelipia bwawa la pili, na la pili lingempa mume kazi pale pale nyumbani. Mwaka ule alikuwa hajaondoka. Alikuwa anasubiri samaki.

Vifaranga wakiwa bado upana wa vidole vitatu, baba mkwe wake akafariki.

Msibani walikuja watani wa ukoo kutoka vijiji vya jirani. Walilia kwa uongo, wakavaa kofia ya marehemu, wakazuia jeneza. Hayo yote ni kawaida, na mfiwa anayekasirikia mtani amejivunjia heshima. Kisha mmoja wao, mzee mfupi mchekeshaji, akatoka ghalani amebeba kokoro letu, wavu wa kuvulia.

“Marehemu alikuwa mchoyo! Leo tunamfilisi!”

Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anacheka pia, mkono umeshika khanga kifuani.

Nami nilikuwa mtani. Nilikimbia, nikalala ukingoni mwa bwawa. “Hapavuliwi! Nizikeni kwanza mimi!”

“Haya, tunao maiti wawili!” mzee akajibu. Wakanimwagia tope mpaka shingoni, wakaniombolezea kwa Kinyamwezi, kisha wakaniruka na kokoro. Walivuta mara ya kwanza, ya pili, wakaendelea. Walichukua wadogo, wakachukua na mama zao waliojaa mayai. Nilibaki nimelala kwenye tope nikicheka kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kinachoruhusiwa.

Waombolezaji walikula, wakasifu. Kweli walikuwa watamu.

Baada ya matanga mume akafunga kibegi chake. Mkewe alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa karibu nami.

“Tuanze tena, mtani?”

Mbegu ningeweza kuipata. Kilichohitajika ni mwaka mwingine wa kukaa mahali pamoja. Nilimwambia nitafikiria, naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Nimepita miji mingi tangu hapo, na hakuna swali lingine ninalotamani kuulizwa tena.

Siku niliyoondoka nilipitia bwawani. Maji yalikuwa yamefunguliwa. Mwenyekiti alikuwa chini kabisa, miguu kwenye unyevu, anapanda marando ya viazi vitamu katika matuta yaliyonyooka vizuri.

“Ardhi hii ina mbolea ya samaki,” akasema bila kuinuka. “Viazi vitakuwa vikubwa.”

“Mumeo akirudi ataleta gunia la kuvitia.”

“Akirudi.” Akasukuma rando ardhini kwa kidole gumba. “Ukifika kwenu usiseme tulimaliza mbegu msibani. Sema mzee alizikwa vizuri.”

Nikamwambia nitasema hivyo. Bodaboda ikapiga honi, nami nikaenda.