Vinyonga wa Mama Were

Niambie wewe, ni nani amewahi kufuga kinyonga ndani ya nyumba ya kupanga hapa Kabiria? Ni Mama Were, jirani yangu wa mlango wa pili, na nitamtetea mpaka nichoke, ingawa zamani hata mimi nikipita dirishani kwake nilikuwa nasema "shindwe!" kimoyomoyo.

Jina lake ni Rael. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba moja kule Uthiru lililokuwa linazalisha vinyonga wa kuuzwa ng'ambo. Shamba likafungwa. Wenzake waliomba barua za kutafutia kazi, yeye akaomba vinyonga watatu, wale wadogo wenye pembe tatu puani. Watu wa wanyamapori walimpa kibali, kwa hivyo msiniletee maneno.

Aliwatengenezea vizimba vya mbao na chandarua, akaweka matawi ndani. Asubuhi anawanyunyizia maji kwa chupa ya saluni, kwa sababu kinyonga hajui mambo ya bakuli, anataka kulamba matone kwenye jani. Kati ya vizimba alisimamisha kadibodi wasionane, maana wakionana wanakasirika hadi wanakataa kula. Maganda ya ndizi anayaacha yaoze kwenye kopo, nzi wakijaa anawafungulia ndani ya vizimba. Na muda wote huo anaongea nao. "Mbona umekuwa mweusi leo, nani amekuudhi?" Mimi niko upande huu wa ukuta nasikia, na moyo unaniuma, kwa sababu hakuna wa kumjibu.

Watu hawakuwa wanaingia kwake. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaomba nyumba kwa nyumba, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, lakini zamu ya Mama Were ikifika wanamruka na kugonga kwangu. Yeye anavaa kitambaa chake, anakuja kuomba na sisi, anarudi kujifungia.

Sasa, sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba kinyonga akizaa anapasuka tumbo na kufa hapo hapo. Jike mmoja, aliyekuwa amewekwa na dume siku moja tu, alipoanza kufura nikamwambia, "Mama Were, huyu wako karibu akuage." Akacheka. "Siku ikifika nitakuita, Mama Musili. Kuja ujionee mwenyewe."

Aliponiita nilienda nimejifunga leso kabisa, tayari kwa matanga. Wee! Jike anatembea polepole juu ya tawi, anadondosha mtoto hapa, mwingine pale, kila mmoja ndani ya utando wake unaonata. Mtoto anajinyoosha, anatoka, anashika jani, huyo anaenda zake. Hakuna aliyepasuka. Mama mtu alipomaliza akameza nzi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na tangu siku hiyo nikawa nakunywa chai kwake.

Mama Were ana mtoto mmoja tu, huyo Were. Anaishi mtaa wa Jamhuri. Kutoka Jamhuri mpaka hapa, mtu akiamua anatembea kwa miguu. Mkewe, Jacklyne, akajifungua msichana, wakampa jina la nyanya yake, Rael. Mama Were alilia kwa furaha. Alifua mapazia, akanunua beseni jipya la kuogeshea mtoto. Kwenda mwenyewe hakuweza, kwa sababu kwao mama haendi kwa mwanawe bila kuitwa, na hakuna aliyemwita. Akangoja waje wao.

Were akapiga simu. "Mama, hatuwezi leta mtoto mchanga kwa nyumba iko na hao wanyama. Jacklyne anaogopa. Toa hao vitu, tutakuja."

Nilipoambiwa nilichemka. "Asikuchezee huyo! Kabla mtoto azaliwe alikuwa anakuja?"

"Ni mjukuu, Mama Musili," akasema. "Hawa ni vinyonga tu." Lakini alisema hivyo akiwa amempakata jike kiganjani, na machozi yanamtoka.

Jumamosi akamwita Kibe, aliyekuwa akifanya kazi naye shambani, na ambaye bado anafuga. Kibe aliwabeba wote, wazazi na watoto, kwa katoni zilizotobolewa. Mama Were alimfuata hadi barabarani akimkumbusha kadibodi, maji, nzi. Wiki nzima iliyofuata sikusikia sauti yoyote kutoka kwake. Nilijikuta naweka sikio ukutani.

Jumapili waliyosema watakuja, baada ya kanisa, alipika kuku na ugali wa wimbi, akaniita nije nimwone mtoto. Tukakaa. Tukapasha kuku moto, tukakaa tena. Jioni simu ikalia, akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, leo haitawezekana. Huko Kabiria kuna vumbi sana, na mtoto ako na mafua. Acha tuone mwezi ujao."

"Lakini nimewatoa, Were. Wote."

"Sawa, Mama. Ni poa. Tutaongea." Akakata.

Nilifungua mdomo nimtukane mtoto wa watu, Mama Were akanishika mkono. Alikuwa anaangalia nyumba yake: viti, mapazia, sakafu aliyoipiga deki mara mbili.

"Mama Musili," akaniuliza, "sasa nitoe nini tena?"