Yuka Tatu Kutoka Shively

Tulipohama Louisville kwenda Buffalo, mwaka 2014, nilibeba yuka tatu, mimea ya maua yenye majani marefu yaliyochongoka, kwenye ndoo. Nilipewa na bibi mmoja mzee wa Shively, pembeni mwa Louisville, niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake. Siku ya kuaga alikaa kwenye kiti cha magurudumu uani, akinionyesha pa kuchimba. Njiani tulilala Columbus kwa shemeji yangu, naye akauliza kwa nini tunasafirisha katani. Mume wangu alicheka sana.

Nilizipanda mbele ya nyumba tuliyopanga. Baridi ilipokaribia, nikakusanya majani yake na kuyafunga kwa kamba, kama bibi alivyonifundisha, ili theluji isijae katikati. Siku moja nilirudi kutoka zamu ya ghalani nikakuta mume wangu amezifunika kwa turubai la plastiki na kulibana kwa mawe, kama tulivyoezeka vibanda kambini tulipokuwa wakimbizi. Alidhani ananisaidia. Nilijua si sawa, lakini miguu iliniuma, nikaingia ndani.

Bibi alipiga simu kila Jumapili kuuliza habari za yuka. Nikamwambia hazijambo.

Aprili tulifunua turubai, harufu ya uozo ikatupiga usoni. Majani yalikuwa yamelegea kama mboga iliyopitiliza jikoni. Mume wangu akachukua koleo ang'oe, apande mboga za lengalenga. Nikamnyang'anya koleo, nikampigia bibi na kukiri.

Akauliza, “Shina ni gumu au linabonyea?”

Mashina mawili yalibonyea mpaka kidole kikazama. La tatu lilikuwa gumu. Aliniagiza nikate kila kilichooza, niache jani lolote lenye kijani, nichanganye changarawe kwenye udongo maji yasituame, halafu nisubiri bila kumwagilia.

Kusubiri kulinishinda. Kila asubuhi niliinama pale kabla ya kwenda kazini, nisione kitu. Siku moja nikamgeukia mume wangu: “Usingeweka lile turubai, nisingekuwa hapa.”

“Uliliona,” akasema. “Ungelitoa.”

Hatukusemeshana siku mbili, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mwanzoni mwa Juni chipukizi lilitokeza ubavuni mwa shina, jembamba, la kijani kibichi. Nikampigia bibi papo hapo. Hakunipongeza. Alitaka kujua kwa nini nilimdanganya majira yote ya baridi. Nikasema niliona aibu. Akaguna, akaniambia nimtumie picha, na nisimfiche zile mbili zilizokufa.