Nafasi ya Marahaba

Kazi yetu ni ya watu watatu wasiokaa pamoja. Mmoja ni mama mzaliwa wa Kariakoo, wa ukoo wa Waarabu wauza nguo, ambaye siku hizi anaishi Kanada na kuuza huko magauni ya kitenge. Wa pili ni fundi cherehani, dada wa Mtwara aliyepanga Magomeni. Wa tatu ni mimi, nisiyeweza kukaa kitako. Natafuta vitambaa Kariakoo, nikimaliza napita Mchikichini kuangalia viatu nisivyonunua, kisha naishia Feri kula samaki wa kukaanga na kukumbuka maduka yaliyovunjwa yakawa maghorofa.

Fundi akiamka, mama wa Kanada ndiyo kwanza analala. Kwa hiyo tulikubaliana kila jambo liandikwe kwenye grupu, kila mtu ajibu akiamka.

Ikaja oda ya magauni ya harusi. Mama alisema wazi kwamba yakichelewa, kazi zinazofuata atawapa mafundi wa Nairobi. Fundi naye alikuwa ameshaacha kushona viraka vya majirani kwa kuitegemea kazi hii. Nikampelekea kitenge, nikapanda basi kwenda Lindi, kwa sababu tu nilikuwa nimeikumbuka.

Huko mtandao ulikuwa wa kuvizia. Niliporudi mjini nikafungua grupu, nikakuta salamu tupu.

"Shikamoo mama," fundi kaandika asubuhi.

"Marahaba, hujambo?" mama kajibu, fundi amelala.

Kesho yake: "Sijambo mama. Za huko?"

"Njema, baridi tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Harusi inakaribia, wao wanaulizana watoto! Nikaenda Magomeni mbio. Cherehani imefunikwa khanga.

"Kitenge hakitoshi mikono mirefu, kaka," fundi akasema. "Nataka kumuuliza mama kama nikate mifupi."

"Sasa mbona hujauliza?"

"Si bado tunasalimiana!"

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo. "Andika salamu na shida yako pamoja, utume."

"Nimrukie mtu mzima na habari za mikono, hata hajaitikia? Wewe umezoea mabasi, kaka. Kwetu ningekula kofi."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka kwamba hata mimi siwezi kumuuliza muuza kitenge rangi kabla ya mambo, poa, za nyumbani. Nikamwambia, "Basi rekodi sauti. Mwamkie, nyamaza aitikie, halafu mweleze yote."

"Ataitikiaje na yuko usingizini?"

"Akiamka ataitikia. Wewe mwachie nafasi yake."

Akasimama, akajifunga khanga vizuri kama mgeni ameshaingia. "Shikamoo mama." Kimya. Katika kimya kile muuza kahawa akapita akigonga vikombe vyake, na jirani akaita dirishani, "Fundi, mambo?" Fundi akauma midomo asijibu poa. Kisha akaeleza kila kitu: kitenge kimepungua, picha hii hapa, na asipopata neno mpaka kesho adhuhuri atakata mikono mifupi.

Asubuhi jibu lilikuwepo.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitikia kwa sauti ndani ya treni, watu wote wamenigeukia. Kata mifupi. Na hao wauza kahawa, kumbe bado wanapita?"

Magauni yalifika kabla ya harusi, na kazi ikabaki Magomeni. Tangu hapo sote tunafanya hivyo: salamu, kimya kidogo, halafu jambo zima mpaka mwisho, na la kufanya iwapo jibu litachelewa. Mimi siku hizi natuma zangu kutoka Tanga, Iringa, popote basi linaponishusha, na hakuna anayenisubiri.

Juzi fundi alikuwa na haraka, akaunganisha salamu na maneno bila kupumua. Mama akajibu, "Nimekuelewa. Lakini nafasi yangu ya marahaba iko wapi?"

Ikabidi arekodi upya. Safari hii alitoka kwanza barazani, akasubiri muuza kahawa akaribie.