Mke wa mwanangu alivyosugua kibuyu cha mtindi kwa sabuni ya unga

Nyie vijana wa humu mnaoona kila kitu cha bibi ni uchafu, kaeni chini. Shikamoo mtanipa mkishamaliza kusoma.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa nyamazeni. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, kihambani kwangu, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, huku juu ya Moshi.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yameota kama uyoga. Kapsuli za rangi mbili unauziwa kama pipi.

Mwanangu Aloyce, mtu mzima mwenye ndevu, aliharisha baada ya kula nyama mnadani Sanya Juu. Akanunua kapsuli. Tumbo likatulia, kisha kuharisha kukarudi. Akanunua za aina nyingine. Likaharibika kabisa, suruali zikaanza kumvuka.

Mkewe Grace, binti wa mtaa wa Soweto, Moshi mjini, akaamua ugonjwa unatoka kwenye kibuyu changu cha mtindi.

Kibuyu kile hakikuwa kinaguswa na sabuni. Ukimimina mtindi unabakiza kidogo chini, ndiyo mbegu. Unaongeza maziwa mapya, yanaganda. Mbegu ile nilipewa na mama mkwe nilipoolewa.

Natoka kukata majani ya ng'ombe, nakuta kibuyu kimeanikwa juani, kinanukia kama shati la karani.

"Mama, nimekusaidia. Kilijaa bakteria."

"Umekisugua na nini?"

"Sabuni ya unga na maji ya moto. Mara tatu."

"Ya nne ungenisugua mimi!"

Wiki hiyo hiyo Aloyce akashindwa kusimama. Tukampeleka hospitali. Wakamtundikia dripu, wakapima choo, wakampa dawa ya mdudu waliyemwona.

Daktari akauliza alishameza nini. Aloyce akazitaja kapsuli kama mwalimu anaita majina.

"Bwana," daktari akamwambia, "tumboni kuna bakteria wazuri wanaowabana wabaya wasipate nafasi. Wewe kwa hizo kapsuli umewafyeka wote, wabaya wakawahi kurudi. Ukitoka hapa, kama kwenu kuna mtindi, kunywa. Unaweza kukusaidia."

Grace akaangalia sakafu. Mimi nikamwangalia Grace.

Mtindi gani? Nyumbani kulikuwa na harufu ya sabuni tu.

Nikamtuma yeye mwenyewe kwa wifi yangu jirani, akaombe mbegu nusu kikombe.

"Kwani ya kwenu imefanyaje?" wifi akamuuliza mbele ya wanawake waliokuwa wanachambua kahawa.

"Nimeiosha."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tukagandisha kwenye kibuyu kipya. Aloyce alimaliza dawa, akawa anakunywa kikombe asubuhi na jioni. Taratibu tumbo likashika, mashavu yakarudi.

Sisemi mtindi ndio uliomponya. Bila hospitali ningemzika. Lakini Grace alijua neno bakteria, hakujua wako wa namna mbili. Na mimi nilibakiza mbegu miaka yote bila kujua nabakiza nini.

Haya, wataalamu wa humu, njooni mnibishie. Ila kwanza kila mmoja aseme mwaka huu amemeza kapsuli ngapi bila kupimwa.

Siku Aloyce aliporudi niliwakusanya wote sebuleni nikawaambia: anayeharisha humu ndani anywe maji ya chumvi na sukari, halafu hospitali. Nikimkuta mtu na kapsuli aliyojinunulia, atairudisha dukani kwa miguu, akiharisha hivyo hivyo.